Maji Yaliyorudi Nyuma Ukutani

Chuoni walimwita Mama Bomba, na shangazi yangu hakuchukia. Alikuwa fundi wa maabara ya maji kwa miaka ishirini na sita, katika ukumbi mrefu ambao sakafu yake haikuwahi kukauka.

Likizo moja nilikaa kwake, na kila asubuhi nilimfuata kazini. Mwaka huo profesa aliyeongoza maabara hiyo alitaka kupima jinsi maji yanavyokwaruza ukuta wa bomba mwendo wake unapobadilika. Maji yanayotiririka kwa mwendo mmoja yalikwishapimwa zamani. Yanayopunguzwa mwendo kwa valvu, ile koki ya kufungia bomba, yalikuwa na mambo yake. Shangazi alichonga kibati kidogo kama ukucha, akakipachika ndani ya bomba kikalingana na ukuta, hata ukipitisha kidole huhisi kitu. Maji yakikivuta, mshale wa kipimo nje ulisogea.

Valvu ilipoanza kufungwa, mshale ulishuka, ukavuka sifuri, ukaenda upande wa pili, ilhali mita ilionyesha kuwa maji bado yanasonga mbele. Profesa akasema waya zimegeuzwa. Shangazi akazifungua zote, akazifunga upya, akarudia jaribio mara arobaini. Jibu lile lile. Profesa akashauri kibati kitupwe. Siku hiyo nyumbani shangazi alimenya viazi mpaka vikabaki kama karanga.

Kesho yake alifunga kipande cha bomba la kioo, akaingiza rangi ya bluu katikati ya maji na nyekundu kando ya ukuta.

"Mwalimu," alisema, "leo achana na kipimo. Tazama maji yenyewe."

Akazungusha valvu taratibu. Bluu iliendelea mbele. Nyekundu ilisita, kisha ikaanza kurudi ilikotoka. Profesa alichuchumaa pale, suruali ikalowa magotini, akaomba jaribio lirudiwe, na lirudiwe tena.

"Fundi, nimekukosea," alisema mwishowe.

"Mimi hujanikosea. Kiombe radhi kibati."

Profesa alicheka mpaka akavua miwani. Ripoti ilipotoka, jina la shangazi lilifuata la kwake.

Siku hizi ukumbi umejaa kompyuta, na bomba liliuzwa kama chuma chakavu. Profesa alifariki mwaka juzi. Nilipomuuliza shangazi kama nimpeleke akapaone, alitikisa kichwa. Alisema anakumbuka pampu ilivyokohoa kila asubuhi kabla ya kuwaka, na profesa akiimba ovyo huku akinoa penseli.

"Niache nibaki na ukumbi wangu ule," alisema, "na uvujaji wake."