Slaidi Niliyokataa Kuiondoa

Siku ile naikumbuka kama ilivyo, mwanangu, na wala siisimulii kwa kujuta. Kaa vizuri hapo. Umenijia na laptop yako, uso umeukunja, unalalamika kwamba ofisini wamekupa kazi ya kupanga slaidi za wenzako, kazi isiyo na heshima. Nani kakwambia haina heshima? Mimi kazi hiyo hiyo ilinikosesha ajira hapa hapa Songea, na ningeambiwa niirudie kesho, ningeirudia.

Nilikuwa binti wa umri wako, nimepanga chumba Msamala, nimeajiriwa kwenye mradi mmoja wa maji. Mkuu wetu alikuwa Bwana Kalinga, Mhehe wa Iringa. Mimi Mngoni. Basi hapo unajua mwenyewe, watani. Asubuhi nampa shikamoo yake kwa adabu zote, akishaitikia tu, maneno yanaanza. Nikichelewa ananiuliza kama nimepitia kilabuni. Akikohoa namwambia hicho kikohozi ni cha babu yake, alikipata akimkimbia babu yangu vitani. Aliniita mateka wake, nami nikamwita mateka wangu, na hakuna aliyenuna, maana anayemkasirikia mtani wake kajiaibisha mwenyewe.

Sasa wakawa wanakuja wageni kutoka Dar, wenye kuchagua ni vitongoji gani vichimbiwe visima. Kila kitongoji kikaambiwa kilete slaidi yake ya kueleza shida yake. Zikaja kwa flashi, na Mungu wangu, ungeziona! Hii maandishi ya njano juu ya kitu cheupe, husomi kitu. Hii kichwa cha habari kiko kushoto, inayofuata kiko katikati, ya tatu kimeshuka mpaka chini. Fonti za kila aina, nyingine zimejipinda kama za kadi ya harusi. Picha zimevutwa upande mpaka mwenyekiti wa watu uso umekuwa chapati. Na kuna mwalimu mmoja, sijui nani alimfundisha, maneno yake yalikuwa yanaruka kutoka pembeni moja moja kwa mlio wa breki.

"Mateka wangu, zinyooshe hizo," Bwana Kalinga akaniambia. "Tusiaibike."

Nikazinyoosha. Sikuchezea moja moja kama unavyofanya wewe, nimekuona. Nilikaa kwanza nikatengeneza slaidi mama, ile inayozitawala zote. Humo nikaweka fonti moja, ukubwa mmoja wa vichwa vya habari, rangi mbili basi. Kisha nikazileta za watu mle ndani, zikajipanga. Picha nikazirudishia umbo lake, watu wakapata nyuso zao. Milio ya breki nikaizima. Haraka haraka haina baraka, na kazi ya macho haitaki papara.

Nikafika kwenye slaidi ya Bi Zainabu. Huyu alikuwa mama wa vitumbua, kiongozi wa wanawake wa kitongoji kimoja njia ya Tunduru. Slaidi yake ilikuwa mbaya kuliko zote, nisikufiche. Herufi kubwa tupu, nyekundu, na picha ya dimbwi imekaa kichwa chini. Lakini maneno yake! Iliandikwa: "Tunakunywa pamoja na ng'ombe. Watoto wanaumwa matumbo. Mmetuahidi mara ngapi?"

Bwana Kalinga akachungulia juu ya bega langu. "Hiyo iondoe. Haifanani na nyingine, inaharibu mwonekano."

"Nitaifananisha," nikasema.

Nikaipa fonti ile ile na rangi zile zile, kichwa cha habari nikakiweka mahali pake, picha nikaigeuza ikasimama. Neno hata moja sikugusa. Nikamwita aje aone. Ilikuwa safi, mwanangu, hungejua kwamba ndiyo ile ya asubuhi. Akaitazama, akasema tena, "Iondoe."

Hapo nikaelewa. Fonti haikuwa shida wala haijawahi kuwa shida. Shida ilikuwa ule mstari wa mwisho, kwa sababu aliyekwenda kule kuahidi maji ni yeye, na kuku wa wale akina mama aliwala. Na kitongoji ambacho slaidi yake haimo, siku ile hakichaguliwi, wataendelea kunywa na ng'ombe wao. Damu ikanichemka.

"Siiondoi," nikamwambia. "Nitaionyesha mbele ya wageni, na wewe ukiwa umekaa pale."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wangoni kwa maneno hamjambo!" Akaenda zake kunywa chai. Nilimwambia ukweli mtupu usoni, naye akadhani namtania.

Aliyejua sitanii ni Mzee Haule, karani wetu, mtu mzima wa makamo ya baba yangu. Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mwema, ila mwoga. Akanivuta pembeni. "Binti, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe ni nani wa kumwaibisha mkuu wako? Kazi hii utaikosa."

"Baba," nikasema, "nimeinama tangu nilipofika hapa, na mvunguni sijaona kitu zaidi ya vumbi."

"Una kichwa kigumu."

"Asante, baba."

Unacheka? Mimi sikuwa nacheka, nilikuwa naogopa. Watu wanadhani mbishi haogopi. Anaogopa sana, ila anabisha hivyo hivyo.

Siku ya kikao ukumbi ukajaa. Bi Zainabu na wenzake walikaa nyuma, khanga zimepigwa pasi. Mimi ndiye niliyeshika kompyuta. Slaidi zikapita moja baada ya nyingine, wageni wanatikisa vichwa kukubali, kazi nzuri. Nikabonyeza, ya Bi Zainabu ikatua ukutani.

Bwana Kalinga akaruka kitini. "Hiyo iliingia kwa makosa. Ruka, ruka!"

Nikasimama. "Wageni wetu, msimshangae huyu, ni mtani wangu Mhehe. Mnamwona? Ameshaanza kukimbia, kama babu yake!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata yeye akacheka, atafanyaje? Angekasirika, angekuwa kichekesho cha mji mzima. Wakawa wanacheka huku wanafuta machozi, na muda wote huo slaidi iko ukutani, imenyooka, inasomeka mpaka mlangoni. Aliyetangulia kunyamaza ni mama mmoja, mkuu wa wale wageni. Akavaa miwani, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti, taratibu. Kisha akamgeukia.

"Bwana Kalinga. Mara ngapi?"

Kicheko kikakatika. Akatazama chini, akatazama nyuma walipokaa wale akina mama. "Nyingi," akasema. Nilimheshimu kwa jibu hilo, na namheshimu mpaka leo.

Kisima kilichimbwa. Mkataba wangu ulipoisha haukuendelezwa. Aliniambia mwenyewe, na safari hiyo hakunitania hata neno moja. Nililia, sitakudanganya. Nikauza maharage Mfaranyaki, walionijua wakipita wananionea huruma. Siku moja Bi Zainabu akaja kununua, akanitambua, akanishika mkono mbele ya watu wote. "Mwanangu," akasema, "kijukuu changu kimezaliwa, na alhamdulillah, dimbwi lile hakilijui." Tangu hapo huruma yao wote ikaniishia masikioni, moyoni haikufika.

Basi sikia, mwanangu. Usiidharau kazi ya kunyoosha slaidi. Kitu kilichopinda kinampa mkubwa kisingizio cha kutomsikiliza mnyonge, na wewe ukikinyoosha, umemnyang'anya kisingizio. Herufi, rangi, nafasi, hizo ni zako, zitawale bila huruma. Maneno ni ya mwenye shida, hayo usiyaguse. Wakikwambia punguza kwa ajili ya mwonekano, uliza kwanza anayepunguzwa ni nani. Wakikutisha, ogopa, halafu kataa. Na ukikataa, kataa waziwazi, mwambie mtu usoni. Asipokuamini, hiyo ni juu yake.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuona kilichopinda, akupe mkono wa kukinyoosha, na shingo ambayo haigeuzwi na mtu ukishaijua haki iko wapi. Haya, fungua hiyo laptop. Ya kwanza ni ya nani?