Mwaka wa Mpunga Ulionyamaza

Asubuhi za utoto wangu zilianza kwa mlio wa debe. Kabla jua halijakausha umande, watoto wa mtaa wetu pembeni mwa Kindu tulikuwa tayari juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, katika bonde la mpunga linaloshuka hadi mto Lualaba, tukigonga makopo na madebe na kupiga ukelele. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege wadogo huja makundi kwa makundi kuunyonya, na usipowaamia utavuna majani. Jambo hili halihitaji shule. Mama yangu, ambaye mumewe, baba yetu, alikuwa amechukuliwa na vita asirudi, aliweka mbegu zake zote katika shamba lile. Hicho ndicho kilichokuwa chakula chetu cha mwaka mzima, na ndiyo mbegu ya mwaka uliofuata.

Mwaka ninaousimulia, mapigano yalikuwa yametulia, na mji ukapewa serikali ya muda waliyoiita Baraza la Pamoja: nusu wasimamizi kutoka ng'ambo, nusu wakubwa wetu wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na sisi tulipona kweli, kwa siku chache. Wageni walikuja na magari meupe, jenereta na mazoea ya kukutana kila siku kujadili mkutano wa kesho. Wakubwa wetu walijifunza haraka. Walijifunza kukaa kwenye viti vinavyozunguka, kusema "tutalitazama suala hilo", na kutikisa kichwa kukubali kabla mkalimani hajamaliza sentensi. Mpaka leo sijaona watu wazima waliofurahia kutikisa vichwa kiasi kile.

Basi askari wa wageni, waliolala karibu na mto, wakasikia makelele yetu ya alfajiri yakipokezana kutoka shamba hadi shamba. Wakaamua kwamba ni wapiganaji wanaitana. Baraza likakaa, na gari lenye kipaza sauti likapita mitaani kutangaza kwamba ni marufuku kugonga debe, ngoma au kupiga ukelele kandokando ya mto mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Misikiti na makanisa hayakuguswa, kwa kuwa viongozi wa dini walikuwa na viti Barazani. Wakulima hawakuwa na kiti. Mgeni simlaumu sana kwa kutojua ndege wa Maniema, jimbo letu. Lakini mezani pale alikuwepo Bwana Shabani, mkuu wa upande wetu katika Baraza, mtoto wa wakulima wa mpunga, aliyekulia juu ya dungu kama sisi. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

Mama alinishika mkono tukaenda ofisini kwao. Msimamizi wa kigeni alitupokea kwa tabasamu, akasema kupitia mkalimani kwamba mambo ya mashamba ni ya viongozi wenyeji. Tukaingia chumba cha pili kwa Bwana Shabani, naye akasema mambo ya usalama ni ya wageni. Walitenganishwa na mlango mmoja tu, na ulikuwa wazi. Mama hakutoka.

"Baba Shabani," akasema, "ile makelele njo ya kufukuza ndege. Weye unajua."

"Ninajua, mama," akajibu kwa upole. "Lakini nikisema, wageni wataona sisi hatuko tayari kuongoza."

Kikulacho ki nguoni mwako. Tulirudi bondeni, tukawa tunakimbia kimya katikati ya mpunga tukipunga vitenge, na ndege waliruka upande huu wakatua upande ule. Mama alivuna makapi. Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo huohuo, mara moja kwa siku, na mdogo wangu alilia njaa mpaka akazoea, jambo ambalo mtoto hapaswi kulizoea. Msimu uliofuata mama alilima shamba la watu.

Siku hizi nafundisha shule hapa Kindu. Juzi kati nilialikwa kwenye semina yenye wageni wapya na soda baridi, ya kujadili jinsi Baraza lile lilivyofanikiwa. Bwana Shabani, mvi tupu, alikaa meza ya mbele, akasema shida yao kubwa ilikuwa wananchi wasio na uvumilivu. Watu wakapiga makofi. Nilisimama na hasira yangu yote, nikamuuliza kwa heshima, kama inavyompasa mtu wa umri wake, ule mwaka wa marufuku nyumbani kwake walikula nini.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo jepesi.

"Wali, mwanangu," akasema. "Mupunga yetu ilitoka mashamba ya Kibombo. Marufuku ya Baraza haikufika kule."