Mama na "si" yake Granada

Mama yangu, hajati mzima, leo kajiagizia mvinyo kwa ulimi wake mwenyewe.

Sikukuu hii tumeikimbia Maskati, mimi na yeye, tukaja Granada, Uhispania.

Mkahawani mhudumu kanyanyua chupa: "Vino?"

Mama akaruka: "Si mvinyo! Si! Si!"

Jamani, Kihispania "si" ni "ndiyo".

Bilauri ikajazwa pomoni.

Na mimi, kwa kucheka, nikapiga picha nimrushie dada. Ikaingia grupu la ukoo 🙈

Mamdogo wa Mabela, kule kule Maskati, hakuchelewa: "Dada! Astaghfirullah, nini hicho?"

Sasa Mama kaninyang'anya simu, anajirekodi kwa sauti ya juu: "Si wangu! Wallahi si wangu! Si! Si!"

Mwenye kujua Kihispania anisaidie upesi. Mhudumu huyo anakuja na chupa ya pili.