Dang'a ya Tausi

Bi Mwanatatu wa Junda ana adabu kwa ng'ombe tu. Sisi majirani ametutukana miaka ishirini, kila mtu kwa zamu yake, na mimi kwa kuwa mlango wangu unatazamana na banda lake nimepata zamu nyingi kuliko wengine. Lakini akiingia kwa Tausi hukohoa kwanza, akapiga hodi, akatoa salamu. Ng'ombe huyo! Marehemu mumewe hakuwahi kupigiwa hodi.

Ukimuuliza, atakwambia ng'ombe akishtuka hufunga maziwa. Hapo hasemi uongo. Kiwele hukiosha kwa maji ya uvuguvugu, akakipangusa, michirizi ya kwanza akaikamulia kikombeni aone kama ina mabonge. Baada ya hapo mikono inakwenda mbio, kwa sababu maziwa yakishashuka una dakika chache tu kabla ng'ombe hajayazuia tena.

Chakula cha Tausi, kwa sehemu kubwa, kinatoka kwetu. Kila nyumba ikishakamua nazi ya wali, machicha hupelekwa kwa Bi Mwanatatu, na kila nyumba hujiona ina haki: Tausi akizaa tutakula dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya njano, yakipikwa na sukari na iliki mpaka yagande. Wengine, siwataji, hupeleka konzi moja ya machicha na kusubiri sinia.

Safari hii Tausi alikuwa mzee. Chuchu mbili zilikwishakufa kwa ugonjwa wa kiwele, na mara nne mfululizo alizaa madume, wote wakaishia buchani. Daktari wa mifugo alisema huu ndio uzao wa mwisho. Akizaa dume tena, au ndama akifa, banda limekwisha, na Bi Mwanatatu hajui kazi nyingine duniani ila hiyo na kututukana.

Alizaa jike, Jumamosi moja saa moja asubuhi. Jike dhaifu, hasimami, hanyonyi. Na ndama hazaliwi na kinga mwilini. Huipata kwenye dang'a, na masaa sita yakipita hajainywa, tumbo lake haliipokei sawasawa tena. Bi Mwanatatu alikamua lita moja na nusu, ndiyo yote iliyotoka, akaiacha ndoo jikoni, akaja kwangu kuazima chupa ya mjukuu wangu.

Aliporudi alimkuta mkwewe Awadh, mume wa bintiye Salsabil, yuko juu ya sufuria anakoroga. Awadh hana ubaya, ana kiherehere. Tangu Ijumaa alikuwa akiwaahidi watu dang'a msikitini.

"Nimekusaidia, mama," akasema. "Sukari nimekisia."

Bi Mwanatatu alimfukuza kwa mwiko mpaka ndani ya banda, akipiga kelele za kusikika Kisauni nzima. Maneno yenyewe siyaandiki. Nilichoona mimi ni Tausi kurukia ukutani, macho yamemtoka. Tulipojaribu kumkamua tena hakutoa hata tone. Miaka ishirini ya kupiga hodi, aliiharibu mwenyewe kwa dakika moja. Akakaa kando ya ndama, na mimi nikamwonea huruma, wallahi, ingawa hakustahili.

"Kuna Ruth," nikamwambia.

Ruth ni mfugaji wa bara, anakaa ng'ambo ya barabara. Ng'ombe wake alikuwa amezaa wiki ile, na dang'a inayobaki huigandisha kwenye friza. Shida ni kwamba Bi Mwanatatu alikwishautangazia mtaa kuwa maziwa ya Ruth mtu anaweza kuyatawadhia.

Tulikwenda, yeye mbele, buibui limejaa mavi. Ruth akafungua mlango, akamtazama. Nikangoja amrudishie maneno yake.

"Ruth, mwanangu," Bi Mwanatatu akaanza.

"Ni jike?" Ruth akauliza.

Bi Mwanatatu, ambaye matangani kwa mumewe hakudondosha chozi, aliangua kilio pale mlangoni. Aliona haya, na aliogopa. Ruth alikwishaingia ndani. Akatoka na chupa mbili zikielea kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, maana ya moto huua ile kinga.

"Lia ukitembea, mama," akasema. "Sasa ni saa nne."

Ruth alimshika ndama kichwa, Bi Mwanatatu akamnywesha polepole, akimbembeleza kwa maneno ambayo hatukujua kama anayo. Chupa zote mbili zikaisha. Sisi wengine tulisimama mlangoni tukila dang'a ya Awadh, kwani itupwe? Sukari ilizidi.

Saa kumi alasiri ndama alisimama. Awadh, kwa kiherehere chake, akaingia kumpongeza, akapigwa teke gotini. Bi Mwanatatu alicheka mpaka akakaa chini, palepale kwenye mavi, na Ruth akakaa naye.