Udongo wa Kupikia

Mama yangu alishikilia kwamba iko nchi ambako watu huwasha udongo wakapikia.

Habari hiyo aliipata kwa sista mmoja wa Ayalandi, mkunga katika hospitali ya misheni ambako Mama alikuwa akifua mashuka. Sista alimweleza kwamba kwao wanakata udongo wa kinamasi, wanauanika juani, kisha wanauwasha na kuchemshia chai. Mama akaileta habari hiyo nyumbani kwetu Kariakoo, na tangu hapo hakupumzika kuisimulia. Mkaa ukiadimika tu, shoga yake wa chumba cha pili alipaza sauti uani, "Shoga, si uchimbe hapo chini tuinjike wali!" Wapangaji wote walicheka. Mama alinuna, lakini hakulegeza neno. Mimi, kwa udadisi wangu, niliwahi kutia donge la udongo wa uani jikoni. Lilipasuka, majivu yakaingia kwenye mchuzi, nikachapwa.

Nikakua, nikasoma jiografia, nikawa mwalimu wa chuo. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nikapata mwaliko wa kongamano huko Ayalandi, juu ya nchi hiyo na mazingira yake. Walitaka mtu wa kueleza vinamasi vyetu, wavilinganishe na vyao. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma barua yao. Wenzangu walidhani ni mapenzi ya taaluma. Haya.

Kule watu walizungumza kutwa. Mmoja alisoma makala nzima kuhusu ukungu. Mwingine alieleza jinsi mvua inavyoingia katika mashairi yao, na ukumbi mzima ukainamisha vichwa kama uko matangani. Nilifurahi mno, sikuwahi kuona watu wazima wakigombania matope. Ila kwa wasomi wale kinamasi kilikuwa kumbukumbu, kilikuwa taifa, kilikuwa jeraha. Hakuna aliyegusia sufuria. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Huu udongo wenu, bado mnaupikia?"

Walicheka. Lakini wakati wa chai profesa mmoja, mama mtu mzima, alinifuata akaniambia bibi yake alikuwa akiupikia. Siku ya mwisho alinikabidhi kipande kikubwa kama tofali, cheusi, kikavu, chepesi.

Enzi hizo sabuni na dawa ya meno zilishajaa madukani Kariakoo, hivyo aliyetoka Ulaya alitegemewa kushusha redio. Mimi nilishusha udongo. Nilikiweka kile kipande barazani, nikaingia ndani kumwamkia Mama. Niliporudi, mpangaji wetu mmoja, binti mjamzito, alikuwa ameshamega kona na anatafuna. Wajawazito wetu wanaujua udongo mmoja tu, ule wa kula unaouzwa sokoni.

"Dada, huu mchungu," alinilalamikia. "Bora wa hapa hapa."

Nilimpokonya. Sikuwa na kingine, na heshima ya mama yangu ilikuwa humo.

Mama alikiweka mwenyewe juu ya makaa, akateleka birika. Shoga yake akavuta kigoda, akakunja mikono. Kikatoka kimoshi, kikapotea.

"Chai ya mwakani hiyo," alisema yule shoga.

Nilijilaumu. Bora ningeleta redio. Kisha pembeni pakaingia wekundu, ukatambaa polepole, na harufu ikajaa uani, ya majani makavu yaliyonyeshewa. Watu walitoka vyumbani kuchungulia. Birika likaanza kuvuma.

Shoga yake akakunjua mikono. Nilimgeukia Mama nikitarajia kigelegele. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kumbe kweli," alisema.

"Heh!" shoga yake alidakia. "Kumbe na wewe ulikuwa huamini?"

"Ningeaminije, shoga? Udongo uwake?" Mama alifuta macho. "Lakini siku namzaa huyu, damu haikatiki, yule sista hakuuachia mkono wangu mpaka kulipokucha. Leo nimwite mwongo mbele za watu?"

Shoga yake aliinuka, akaenda kuleta vikombe.