Nilivyokwenda Uingereza Kumtazama Mkwe, Nikapandishwa Ngome

Sikwenda Uingereza kutalii. Nilitumwa. Binti yangu Bhoke ni nesi huko, ameolewa na Mzungu, na walitaka kuja kijijini kwetu Nyamwaga ukoo uwapokee. Shemeji yangu Chacha, ndiye mkubwa wa nyumba tangu mume wangu afariki, akasema, "Nenda ukamtazame huyo mtu. Kama hana adabu, abaki huko huko, na Bhoke abaki naye." Yaani mwanangu asikanyage tena kwetu. Nikavuka mpaka pale Sirari, nikapanda ndege Nairobi, na neno hilo limenikaa tumboni kama ugali mbichi.

Uwanja wa ndege wa kule, mkwe wangu, jina lake silitamki, akanijia amenyoosha mkono! Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mwingine apite. Nikaficha mkono ndani ya kitenge. Nikasema moyoni, Bhoke amekwisha.

Jumamosi asubuhi wakanipakia garini kwenda kuona ngome ya kale. Mkwe anaendesha, mimi nyuma natazama nje. Majani mabichi kila upande, kondoo wanene, mchungaji hakuna. Njia nzima yule bwana hakufungua mdomo. Nikaona huyu na kununa anajua.

Tulipofika nikaona mawe yamepangwa kwenda juu, na mtaro wa maji umezunguka.

"Hili ni boma," nikasema. "Waliiba ng'ombe wa nani mpaka wajifungie hivi?"

Bhoke akacheka. "Waliogopa majirani, Mama."

"Kumbe ni watu kama sisi."

Pembeni pana mnara. Mjukuu wangu Ghati, ambaye ana jina langu na mdomo wangu, akanitazama miguu. "Bibi, wewe huwezi kupanda."

"Mimi? Mama yako nimempandisha mlima akiwa mgongoni, na ndoo ya maji kichwani. Pita mbele!"

Tukapanda, mimi, Ghati na Bhoke; mkwe akabaki chini. Ngazi zinazunguka ndani ya ukuta kama ganda la konokono, nyembamba, giza, kamba tu ya kushikilia. Juu upepo ulitaka kunivua kilemba. Wenzangu wakabaki kupiga picha, nikatangulia kushuka.

Katikati ya ngazi nikasikia viatu vinapanda. Nikachungulia: mkwe! Pale hapapitani watu wawili ila tumbo kwa tumbo. Kurudi juu, goti limekataa. Shamba la kuingilia halipo. Nikajifunika uso kwa khanga, nikakohoa.

Viatu vikasimama. Sauti ikasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Shikamoo Mama. Samahani. Mimi narudi."

Akaanza kushuka kinyumenyume. Na nyuma yake kulikuwa na Wazungu wengine wanapanda, wazee kwa vijana! Nikamsikia anasema nao kwa upole, na wote wakarudi nyuma, wanagongana, mmoja analalamika. Msafara mzima ukashuka kwa ajili ya bibi mmoja wa Nyamwaga. Nilipotoka nje, mkwe wangu alikuwa amesimama mbali, uso ameelekeza ukutani.

Nikakaa kwenye majani. Pumzi iliyotoka, nadhani niliibana tangu Sirari.

Bhoke aliposhuka akaongea kwanza na mumewe, kisha nikamuuliza, "Aliwaambia nini wale watu?"

"Eti mama mkwe wake anashuka, njia ni yake. Nilimweleza mila baada ya ule mkono, Mama. Tangu hapo anaogopa hata kukutana na wewe mlangoni. Kwenye gari alikuwa anatetemeka."

Kumbe hakununa! Kurudi jioni nililala usingizi garini, nyuma ya mkwe, na nasikia nilikoroma.

Niliporudi Nyamwaga, Chacha hakuningoja hata nikae. "Haya, Shemeji. Ana mali?"

"Sikuuliza."

"Ana ukoo mkubwa?"

"Sikuuona."

"Sasa ulikwenda kuona nini?"

"Kama ana haya. Anayo. Nilidhani inazaliwa huku kwetu tu, kumbe hata mtu mzima anaweza kufundishwa akaishika." Nikamsimulia ngazi yote, mpaka wale Wazungu waliogongana.

Chacha alicheka hadi machozi. Kisha akageukia jikoni, akamwita mke wake: "Loweka ulezi wa pombe. Tuna mkwe."