Fisi Mmoja Katika Picha Zote za Dekow

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize. Mimi si mlevi, wala sina homa. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, jua lingalipo, nje ya Habaswein, miaka ile ya tisini wakati wa ukame uliomaliza ng'ombe.

Mimi ni mtu wa Lamu, ila Garissa nimekaa mpaka nimezeeka. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za wanyama wa porini. Nilikuwa na darubini, kitabu cha wanyama na futi ya kupimia nyayo. Unyayo nikiuona, nakwambia ni wa nani na anaelekea wapi. Sasa, alikuwepo mwenzangu mmoja, Dekow, mtu wa Griftu. Darubini hana, kitabu hana, ana kamera kuukuu na fimbo yake. Lakini picha zake! Fisi mwenye milia, mnyama niliyemvizia msimu mzima nikaambulia mkia, yeye anamleta kasimama karibu mpaka unaona sharubu moja moja. Nilimwonea wivu, siwafichi. Mtu akitaja tu jina la Dekow, chai inanigeukia chungu mdomoni.

Kisha kampuni moja ya Nairobi ikatafuta mpiga picha wa kaskazini, mmoja tu, wa kalenda yake. Tukabaki wawili, mimi na yeye. Sharti lao, mnyama awe wa porini, si wa kufugwa. Nikasema, haa, nimemnasa! Fisi gani wa porini anasimama vile kama bwana harusi?

Fisi hawa kila mmoja ana milia yake, kama sisi na alama za vidole. Tuliyekuwa tukimpelekea filamu zetu azisafishe alikuwa rafiki yangu, akanionyesha picha za Dekow. Nikaweka karatasi nyembamba juu ya kila moja, nikafuatisha milia kwa penseli, nikalinganisha. Fisi wa Elwak, wa Griftu, wa Habaswein, wote ni yule yule mmoja! Hata sikio la kushoto lina ufa ule ule. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Ila lile sikio lilinisumbua. Nimeliona wapi?

Nikamfuata Dekow Habaswein. Baada ya alasiri nikalala nyuma ya kichaka, darubini machoni, nimsubiri huyo fisi wake wa kufugwa. Dekow akaweka kamera juu ya mawe, akabonyeza ile swichi ya kujipiga picha mwenyewe, inayokupa muda wa kukimbilia mbele. Akavua kikoi. Akajisugua fimbo kutoka shingoni hadi kiunoni. Niaminini jamani: aliyeinama alikuwa mtu, aliyeinuka hakuwa mtu. Fisi alikimbia mbele ya kamera, akageuka ubavu, akainua kichwa. Kamera ikalia kacha! Akarudi kujisugua kwenye fimbo, akawa Dekow. Akatazama jua, akasogeza kamera kidogo, akaanza tena.

Wenyeji wana jina la mtu kama huyo, qori ismaris, mwenye kujisugua fimbo. Nilidhani ni maneno ya kutishia watoto.

Mnadhani nilikimbia? Wallahi, kilichonipanda kwanza ni hasira. Miaka yote nalala kwenye miiba, kumbe mwenzangu anajipiga mwenyewe! Kamera yangu niliisahau shingoni. Ndipo upepo ukageuka. Fisi akanusa, akatazama kichaka changu. Akajisugua, akajifunga kikoi, akanijia taratibu kama mtu anayekwenda dukani. Sikio lake la kushoto, lile alilosema aliumwa na ngamia, lilikuwa na ufa.

"Walaal, ndugu yangu," akasema kwa ile lafudhi yake ya Kisomali, "bicha yangu imekuuma sana?"

Nikajikuta naificha darubini nyuma ya mgongo.

"Siku nyingi naona macho yako. Unataka kama mimi. Haya, chukua kidogo."

Akanigusa bega kwa fimbo, mara moja tu, akaenda kukusanya vitu vyake.

Fisi sikugeuka. Lakini asubuhi yake nilipopita sokoni punda walikata kamba, mbuzi wakarukiana. Paka wa mke wangu alihama nyumba, hakurudi. Tangu siku hiyo swala ananinusa kabla sijatoa darubini, nabaki kutazama vumbi. Na ile kampuni ningeiambia nini? Kwamba si fisi wa kufugwa, ni Dekow mwenyewe? Kalenda akapewa yeye. Mimi sasa napiga picha za vitambulisho hapa mjini, maana binadamu hawanusi.

Kalenda ile bado imetundikwa duka la mbele yangu. Mwenye duka hataki kuitoa, ati fisi kapendeza. Na kweli kapendeza, mwanga umemkaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hii harufu ya fisi aliyoniachia.

Kwa hiyo wewe mwenye mwenzako anayekuchoma roho kwa kazi nzuri, mpe hongera uende zako. Usimfuate porini kujua anafanyaje. Akikuona unavyotamani, atakupa kidogo. Mimi hapa nimezeeka, na bado nakitaka kilichobaki.